Chapo Inaulizwa Kibali, Ghorofa Je?

Leo nasema kitu ambacho kitafanya wengine waniite bepari. Sawa tu, niiteni.

Chini ya ploti yetu hapa Huruma kuna mama anauza chapo madondo. Saa kumi na moja asubuhi ashawasha jiko. Watu wa mjengo, makondakta, vijana wanaoenda kuchinja mbuzi Kiamaiko, wote wanapitia kwake. Hana bosi, hana mshahara, hana mtu serikalini. Ana unga, mafuta na jina zuri. Siku chapo zikitoka ngumu kama ngozi, wateja wanavuka barabara wanaenda kwa jirani, na kesho yake chapo zinarudi laini. Hakuna afisa aliyeandika ripoti. Hilo ndilo soko huria.

Lakini kwa karatasi, mtu kama yeye anahitaji kibali cha biashara, cheti cha afya, na kadhalika. Kaunti ya Nairobi yenyewe iliona karatasi zimezidi, ndiyo maana ikaanzisha kibali kimoja cha pamoja. Hatua nzuri. Cheti cha afya pia nakielewa, hakuna anayetaka kuugua tumbo. Swali langu ni hili: kwa nini tunaanza kwa kudhani kwamba mtu lazima aombe ruhusa ndipo ajitafutie riziki? Kila saini unayoongeza ni meza nyingine ya kitu kidogo. Tajiri ana wakili wa kuzunguka hizo meza. Mama wa chapo ana miguu yake, na akizunguka, jiko limezima.

Angalia M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na wakati huo hakukuwa na sheria mahususi ya pesa za simu. Sheria ya mfumo wa malipo ya kitaifa ilipitishwa 2011. Benki Kuu ingeweza kusema, "Ngojeni kwanza sheria itungwe." Fikiria hiyo miaka minne tungeendelea kupeleka pesa shags ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa basi, ukiomba Mungu zifike. Badala yake Benki Kuu ilisema haina pingamizi, ikataka pesa za wateja zikae kando benki, halafu ikaendelea kufuatilia. Yaani haikuziba njia, na ililinda pesa za watu. Mimi sitaki serikali ifanye zaidi ya hapo.

Sasa najua utakachoniambia. "Wewe unaishi Huruma halafu unataka serikali ikae kando? Umesahau 2016?"

Sijasahau. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha vibaya, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa mtaani, karibu na mto. Karibu watu 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa kwenye kifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na nchi nzima ikalia. Jengo halikuwa na idhini, na tayari lilikuwa limetajwa kuwa la kubomolewa. Na Januari 2015 jengo lingine lilikuwa limeanguka Huruma hii hii.

Kwa hivyo usiniambie tulikosa sheria. Sheria zilikuwepo, na mamlaka ya ujenzi ilikuwepo. Kilichokosekana ni kazi kufanywa kabla ya maiti kuhesabiwa.

Lakini wacha nikubali kitu ambacho wenzangu wa soko huria hawapendi kukisema. Soko peke yake halingewaokoa wale watu. Chapo mbaya unaijua ukiionja. Nguzo mbaya huwezi kuionja. Mpangaji anaona rangi mpya, anaona kodi anaiweza, anaona stage iko karibu. Chuma kilichopunguzwa ndani ya zege hakioni, na akija kukijua atakuwa amechelewa. Na uhuru haujawahi kumaanisha ruhusa ya kuumiza mwingine. Kumpangisha mtu chumba unachojua kinaweza kumwangukia si biashara.

Kwa hivyo sisemi serikali iondoke. Nasema ihamie mahali kazi iko. Ipunguze karatasi za mtu mwenye jiko moja, na wakaguzi wapelekwe kwenye nguzo na misingi. Matokeo ya ukaguzi yabandikwe langoni na yawekwe kwenye intaneti, ploti kwa ploti, ili mtu ajue kabla ya kulipa depo. Jengo likionekana hatari, watu wahamishwe kweli, isiwe tu kuchora alama nyekundu ya X ukutani na kuondoka. Likianguka kwa uzembe wa mwenyewe, mali yake iuzwe, waliofiwa walipwe. Halafu idhini ya kujenga iwe rahisi na ya haraka, kwa sababu ukifanya njia halali kuwa mlima, watu watajenga usiku.

Mama wa chapo akikosea, mimi napoteza shilingi ishirini, na kesho nahamia kwa jirani. Mwenye ploti akikosea, hakuna kesho ya kuhamia. Serikali isiyojua tofauti ya hayo makosa mawili, hata ukiiongezea pesa na askari, itaendelea kukimbizana na sufuria.

Kwa sasa, wewe unayetafuta nyumba hapa mtaani: kabla ya kulipa depo, uliza jengo lilikaguliwa lini na lina idhini gani. Uliza kwa sauti, majirani wasikie. Ukiona mtu anazungusha maneno, beba depo yako uende kwingine, hata kama ni mbali na stage.