Pua ya Bandia

Umezuka mtindo unaopendwa na baadhi ya vijana wenye magari, nao ni wa kuikata boneti na kuipachika pua. Pua hiyo ni tundu lililoinuka juu ya bati mfano wa mdomo wazi, na hupachikwa ili gari la kawaida lidhaniwe kuwa la mashindano. Mimi naupinga mtindo huo, nawe, msomaji, nakuomba unisikilize sasa, kabla hujapata gari lako.

Pua ya boneti haikubuniwa kwa urembo. Katika Subaru nyingi zenye tabo, hewa hushindiliwa kwanza, kisha ndipo huingia katika injini. Umejifunza darasani kwamba hewa inaposhindiliwa hupata joto, na kwamba hewa ya moto hutanuka ikawa nyepesi. Injini ikivuta hewa nyepesi hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo hewa ile hupitishwa ndani ya kipozeo kilicholazwa juu ya injini, na tundu la boneti huushusha upepo wa mwendo juu ya kipozeo hicho. Hiyo ndiyo sababu ya tundu. Subaru Impreza ilishinda mbio za Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Si ajabu sura yake kupendwa.

Lakini gari lisilo na tabo halina kipozeo hicho. Ukilitoboa boneti, tundu litapokea nini? Litapokea vumbi la kiangazi na mvua ya Novemba, na vyote vitazishukia nyaya za umeme. Wako hata wanaobandika pua iliyozibwa kwa ndani, isiyopitisha hewa kabisa! Hao wamelipia alama ya nguvu ambayo gari lao halina, kama mtu avaaye nishani ya vita ambavyo hakupigana.

Nitajibiwa kwamba gari ni mali ya mwenyewe, na kwamba urembo si kosa. Urembo siukatai. Matatu za Kenya zilipolazimishwa na kanuni za mwaka 2004 kuvaa mstari wa manjano na kuacha michoro, wengi walisikitika, nami naona walikuwa na haki. Ila rangi hukaa juu ya bati, haiukati mfupa wake. Boneti ina mifupa. Igeuze uitazame kwa chini: utaona bati la pili lenye mbavu na mikunjo. Mbavu hizo zimepangwa ili boneti ijikunje katikati gari linapogonga, isirudi nyuma kama panga na kupenya kioo cha mbele. Mwenye kuikata huzikata, na mwenye kuichomelea bati nene huifanya ngumu mahali ilipotakiwa kulegea. Uzito ukizidi, bawaba na komeo hubeba mzigo ambao havikuundiwa. Komeo likifyatuka gari likiwa katika barabara ya Mombasa, boneti itainuka na kumfunika dereva macho, na wale wanaotembea kando ya barabara, pengine wakitoka shule, hawakuulizwa kama waupenda mtindo huo.

Simlaumu fundi kwanza. Ukambani ni nchi ya mikono hodari tangu zamani: wahunzi wake walifua chuma na kusuka mikufu myembamba ya shaba, na kutoka Wamunyu, katika Machakos hii hii, Mutisya Munge alianzisha biashara ya vinyago baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Fundi wa bodi wa leo hulinyoosha bati lililokunjamana kama karatasi, akalipiga puti na msasa hata usijue lilipogongwa. Mkono huo unapotumwa kutengeneza pua isiyovuta pumzi, anayestahili kulaumiwa ni yule aliyeleta fedha, na mara nyingi ni mtu aliyesoma, aliyefundishwa habari za joto na hewa akazijibu vizuri katika mtihani. Lakini fundi naye anaijua injini kuliko mteja wake. Akifunua boneti asione kipozeo chini yake, ana haki ya kusema kwamba hapa hakuna kazi ya kukata, na kumwelekeza kwenye breki zilizokwisha na tairi zilizolika, ambazo hakuna mpita njia atakayezisifu.