Keja ya kupanga, mapambo ya kudumu: Hesabu ambayo vijana wengi hawaipigi

Siku ya kuhama, rafiki yangu alisimama katikati ya bedsita yake mtaani Kasarani akiwa na kisu cha jikoni mkononi. Alikuwa akikwangua karatasi ya ukutani aliyoibandika miezi minane awali, baada ya kutazama video ya chumba kilichogeuzwa kuwa kama hoteli kwa sekunde thelathini.

Karatasi ilitoka na rangi. Rangi nayo ikatoka na plasta. Kufikia saa kumi jioni ukuta ulikuwa na mabaka kama ramani, na landilodi alikuwa ameshatoa uamuzi: deposti ya Sh9,000 haitarudi.

“Nilidhani ninajenga kwangu,” aliniambia tukipakia godoro kwenye pikapu. “Kumbe nilikuwa ninamjengea mtu mwingine, tena vibaya.”

Kauli hiyo imenikaa akilini, kwa sababu si yake peke yake. Pita katika ploti yoyote ya Nairobi, Nakuru au Eldoret wanakoishi vijana walioanza kazi juzi. Utaona taa za LED za rangi ya zambarau zikizunguka dari, stika za matofali bandia ukutani, zulia lenye manyoya, kioo kirefu kilichoegemezwa kando ya kitanda, na kochi la rangi ya maziwa. Ukitoka hapo uingie chumba cha jirani, utakuta karibu vitu vilevile.

Kupamba nyumba kumekuwa sehemu ya maisha ya ujana mjini, na si jambo la kuchekwa. Janga la Covid-19 lilipotufungia ndani mwaka 2020, chumba kiligeuka kuwa ofisi, darasa, ukumbi wa mazoezi na mahali pa kufanyia ibada. Wengi waligundua kwamba ukuta walioutumia kukaushia taulo sasa unaonekana na bosi kwenye mkutano wa video. Kafyu ikaisha, lakini kamera ikabaki. Leo kuna vijana wanaopata riziki kwa kurekodi video mle mle ndani, na kwao ukuta safi ni kifaa cha kazi kama simu yenyewe.

Swali basi si kama kijana apambe keja yake. Swali ni apambe kwa vitu gani, ilhali keja si yake?

Tuanze na ukweli wa sheria, maana hapa ndipo wengi huumia. Kenya ina sheria ya kumlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi, ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Jiulize ni bedsita ngapi mjini utapata kwa bei hiyo. Maana yake ni kwamba vijana wengi wako nje ya ulinzi huo, na kinachobaki ni mkataba waliotia saini, kama upo. Ukitoboa ukuta kwa drili, ukibadilisha rangi au ukipachika dari ya jasi bila ruhusa ya maandishi, utakuwa na kazi ngumu kudai deposti yako.

Na hata ukipewa ruhusa, hesabu haibadiliki sana. Dari ya jasi haifunguliki ukaihamishia Rongai. Paneli zilizogongomewa ukutani zinabaki. Rangi inabaki. Siku ukiondoka, landilodi ana chumba kilichopendeza zaidi na pengine sababu ya kumpandishia kodi anayekuja. Umemfanyia ukarabati kwa mshahara wako.

Serikali inasema suluhu ni kumiliki. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ianze kutekelezwa, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mei 2025 familia za kwanza zilikabidhiwa funguo za nyumba za mradi huo Mukuru, Nairobi. Ni hatua. Hata hivyo, kijana anayelipwa leo kwa kibarua cha wiki hawezi kusubiri funguo ndipo aanze kuishi kama binadamu. Ataendelea kupanga kwa miaka, na atahama si mara moja: kazi ikihama, kodi ikipanda, mpenzi akija au akiondoka.

Jambo la pili ni kwamba mtindo tunaouiga ulibuniwa kwa ajili ya nyumba za mbali na hali ya hewa nyingine. Ule mwonekano wa kuta nyeupe, kochi la krimu, mbao nyepesi na vitu vichache umetoka kwa kiasi kikubwa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Kule majira ya baridi ni marefu na jua huonekana saa chache, ndiyo maana watu hutafuta rangi zinazorudisha mwanga kidogo unaoingia dirishani. Una mantiki yake, kwao.

Sasa uchukue kochi hilo la krimu ulilete Pipeline au Githurai. Barabara ya mbele ya ploti ni vumbi jekundu. Maji ni ya mgao. Jikoni ni hatua mbili kutoka sebuleni, na ukikaanga omena Jumapili, kochi litakumbuka hadi Alhamisi. Baada ya miezi mitatu utalifunika kwa shuka ili lisichafuke, na hapo utakuwa umerudi kwa mama yako na vitambaa vyake.

Vile vitambaa tulivicheka sana. Sebule ya wazazi wetu ilikuwa na sare yake pia: vitambaa vya kufuma mgongoni mwa kila kiti, kalenda ya duka la pembejeo, saa kubwa ya ukutani, na picha zilizoning’inizwa juu kabisa karibu na dari, zikiwa zimeinamia mbele kana kwamba babu anataka kusikia mnachosema. Haikuwa sebule ya Pinterest. Lakini mgeni akikaa dakika tano alijua kaingia kwa nani: nani amehitimu, nani ameolewa, nani amefariki, familia inaamini nini. Kitambaa chenyewe kilikuwa na kazi, kuzuia kiti kisichakae, na mara nyingi kilifumwa na mkono wa mtu wa nyumba hiyo.

Keja ya leo yenye taa za zambarau inamwambia mgeni jambo moja tu: mwenyewe ana TikTok.

Hapo ndipo hoja ilipo. Tunasema tunapamba ili nyumba ifanane nasi, kisha tunanunua vitu vinavyofanana na vya kila mtu, na tunavibandika kwenye ukuta tutakaouacha. Tunapoteza mara mbili: pesa na sura yetu.

Na pesa zenyewe siku hizi mara nyingi ni za kukopa. Kuna kochi la lipa polepole, televisheni ya mkopo na zulia lililonunuliwa kwa Fuliza. Ni kweli kwamba tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali, lakini kanuni haikulipii deni. Ukijikuta ungali unalipia pambo ambalo mtindo wake umepitwa, ujue ulinunua video, hukununua kiti.

Sasa, je, turudi kwenye kuta tupu na balbu moja inayoning’inia? La hasha. Zipo njia nyingine, na mojawapo iko hapa hapa nchini, katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliowekwa kwenye orodha ya turathi za dunia za UNESCO mwaka 2001.

Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba. Haikuwa ulimbwende. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti iliyopatikana. Kwa hiyo wenyeji walikuwa na tatizo lile lile la mpangaji wa bedsita: nafasi ya sakafu ni finyu. Jibu lao lilikuwa kuutumia ukuta. Katika chumba cha ndani walitengeneza zidaka, yaani safu za vishubaka vya plasta, wakaweka humo sahani za kauri kutoka China na vitu vingine vya thamani. Sakafu ikabaki ya mikeka na watu.

Sikuambii uchonge zidaka kwenye ukuta wa landilodi. Ninasema fikra yenyewe inahamishika. Rafu ndefu ya kusimama yenyewe, isiyohitaji msumari, hufanya kazi ile ile: huinua vitu kutoka sakafuni na huonyesha ulivyochagua kuvionyesha. Fundi wa Gikomba au wa kando ya Ngong Road atakutengenezea kwa vipimo vya chumba chako, tena ukimwomba aiunge kwa skrubu badala ya gundi, utaifungua siku ya kuhama na kuibeba ikiwa vipande.

Huo ndio msingi ambao ningependa kila kijana anayeingia keja mpya auzingatie: nunua kitakachoingia kwenye pikapu.

Anza na mwanga, maana ndio unaobadilisha chumba kwa bei nafuu kuliko kitu kingine. Balbu nyingi tunazozikuta kwenye ploti hutoa mwanga mweupe mkali wa takriban Kelvini 6500, mwanga wa dukani. Nunua ya Kelvini 2700 au 3000, uone chumba kilivyotulia. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na wa ile ya zamani ya wati 60, kwa hiyo hata tokeni hazitakimbia. Ukihama, ifungue uende nayo. Ila usiunganishe taa, jiko la umeme na pasi kwenye soketi moja ya kurefusha. Moto hauangalii mapambo.

Kisha nguo. Pazia zito, shuka, zulia dogo, foronya, leso au kikoi kilichotandazwa nyuma ya kitanda: hivi vyote hubadilisha rangi ya chumba bila kugusa rangi ya ukuta. Mapazia ya mitumba ya Gikomba au vitambaa vya Eastleigh vinaweza kukatwa na kushonwa upya kila unapopata dirisha la ukubwa mwingine.

Halafu vitu vyenye asili. Ni ajabu kwamba vikapu vya ukutani vinavyosifiwa katika majarida ya mapambo ya ng’ambo ni ndugu wa vyondo ambavyo akina mama wa Machakos na Kitui wamesuka kwa mkonge tangu zamani. Mawe laini ya kuchonga hutoka Tabaka, Kisii. Kisumu, mafundi husuka viti na vikapu kwa magugumaji ya Ziwa Victoria, mmea ambao wavuvi wangependa utoweke kabisa. Ukinunua hapo, pesa yako inafika kwa aliyesuka, na kitu ulichonacho hakifanani sawasawa na cha jirani kwa sababu mkono haurudii kazi kama mashine.

Na mwisho, kile ambacho hakiuzwi. Picha ya nyanya yako, iliyochapishwa na kutiwa fremu. Redio ya marehemu baba, hata kama haisemi tena. Jezi ya timu ya shule. Nimewahi kuingia chumba cha msichana mmoja anayefanya kazi ya hospitali, ukuta haukuwa na stika hata moja, ila mezani palikuwa na kibuyu cha maziwa cha kwao Bomet. Tulizungumza juu ya kibuyu hicho kwa nusu saa. Sijawahi kuzungumza na mtu nusu saa kuhusu paneli za plastiki.

Sipuuzi raha ya kuingia chumba kilichopendeza baada ya siku ya matatu na mabosi. Kijana anayelala penye mvuto huamka tofauti, na wazazi wanaosema “hiyo ni nyumba ya kupanga tu, ya nini kuhangaika” wanakosea. Maisha ya kupanga ni maisha, si chumba cha kusubiria. Ila wanapata haki katika nusu ya kauli yao: ukuta si wako.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kizazi chetu ningeongeza kwamba hata ndani kwenyewe pana vitu vya kubaki na vya kuondoka nawe.

Yule rafiki yangu sasa anaishi Ruaka. Kabla hajaingiza hata ndoo, alipiga picha kila ukuta, kila soketi na kila ufa, akamtumia landilodi kwa WhatsApp ili siku ya kutoka pasiwe na ubishi. Hajabandika chochote. Ana rafu ya fundi, balbu mbili za mwanga wa joto, zulia la mitumba na chondo cha mamake juu ya rafu.

Nilipomtembelea nilimuuliza atachukua muda gani akihama tena. Alitazama chumba, akahesabu kwa vidole.

“Saa mbili,” akasema. “Na hakuna changu kitakachobaki ukutani.”