Afya Yako: Ione Siku Ile, Kisha Inuka



Mwezi huu tunazungumza na wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kuwa mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Kama wewe bado hujafika huko, msomee mzazi wako ukurasa huu.

Tuanze na jambo linalotokea katika nyumba nyingi. Mama amelima migomba, amechuma chai, amebeba kuni na maji tangu ujana wake. Sasa watoto wamekua. Wanampenda. Wanamwambia, "Mama, umetuhangaikia vya kutosha. Kaa, pumzika." Wanamletea maji. Wanamletea chakula. Akitaka kwenda sokoni, wanamwitia bodaboda. Mama anakaa karibu na moto, maana Tukuyu ni baridi. Miezi inapita. Siku moja anataka kuinuka, na miguu inakataa.

Heshima ya watoto hao ni nzuri. Lakini miguu haijui heshima. Miguu inajua kazi. Misuli isipotumika hupungua nguvu, na kwa mzee hupungua upesi zaidi. Mzee mwenye miguu dhaifu huanguka kwa urahisi, hasa kwenye miteremko yetu wakati wa matope. Akivunjika nyonga, pengine hatatembea tena kama zamani.

Je, uzee wenyewe ndio unaozuia? Hapana. Mwaka 1990, madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, mkubwa wao miaka 96. Walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8, wakisimamiwa na wataalamu. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, kwa wastani nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Basi misuli ya mzee bado husikia ikiitwa.

Kwa nini basi wazee wengi hawafanyi mazoezi? Si kwamba hawajaambiwa. Wanaambiwa kila siku, "Fanya mazoezi, usije ukapata kiharusi." Maneno ya kutisha huingia sikio hili na kutokea sikio lile. Faida ya mazoezi iko mbali. Baridi ya asubuhi iko mlangoni. Basi moto wa jikoni unashinda.

Iko njia nyingine. Njia hiyo ni kuiona siku ijayo kana kwamba umo ndani yake sasa. Wataalamu wamechunguza jambo hili. Wameona kwamba mara nyingi mtu akiiona wazi siku fulani ya mbele, huwa tayari kungojea faida kubwa ya baadaye, badala ya kukimbilia raha ndogo ya leo.

Tujaribu pamoja. Soma aya hii polepole, kisha fumba macho.

Ni Jumamosi ya mwezi Septemba, mwakani. Mvua hakuna. Ukungu umeondoka, na Mlima Rungwe unaonekana mpaka kileleni. Leo mjukuu wako anaolewa. Kanisa liko juu, na njia inapanda. Umevaa nguo yako nzuri. Wanawake wanapiga vigelegele. Kijana mmoja anakuja kukushika mkono. Unamwambia, "Acha mwanangu, napanda mwenyewe." Unapanda. Unapumua kwa nguvu, lakini unapanda. Mjukuu wako anageuka, anakuona umesimama mlangoni.

Umeiona? Sasa tuulizane. Ni miguu gani itakayopanda njia ile? Ni hiyo hiyo uliyoikunja hapo sasa hivi.

Pengine siku yako si harusi. Pengine ni siku ya kushuka shambani kukagua kahawa yako mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa habari zake. Pengine ni siku ya huzuni: mwenzako wa rika amefariki, nawe unataka kufika msibani kwa miguu yako na kukaa na wenzako. Kwetu msiba ni deni. Anayeshindwa kwenda huumia moyoni. Chagua siku yako mwenyewe. Usichaguliwe na mwanao wala na daktari.

Lakini tahadhari. Mwaka 2008 watafiti Donna Addis, Alana Wong na Daniel Schacter walionyesha kwamba wazee wanapowaza siku zijazo hutoa mambo madogo madogo machache kuliko vijana. Mzee husema, "Nitakuwa mzima," akanyamaza. Picha kama hiyo ina ukungu. Kwa hiyo mzee asaidiwe kwa maswali. Ni wapi? Ni saa ngapi? Uko na nani? Unasikia sauti gani? Miguu yako inafanya nini? Mjukuu anayejua kuandika aandike majibu, na kila Jumapili amsomee babu au bibi yake.

Tena, ndoto tamu peke yake haitoshi. Mtu anaweza kukaa jikoni akaota harusi mpaka harusi ipite. Ukishaiona siku ile, sema mambo mawili. La kwanza: leo nitafanya nini, na baada ya kitu gani? Kwa mfano, "Nikimaliza uji wa asubuhi, nitainuka kitini mara 5." La pili: nini kitanizuia, nami nitafanyaje? Kwa mfano, "Mvua ikinyesha, nitatembea barazani, kwenda na kurudi." Hapa Rungwe mvua ni jirani yetu. Mtu anayengoja mvua ikatike ndipo aanze, hataanza.

Sasa, ni mazoezi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza ukitembea, lakini huwezi kuimba. Tena wafanye mazoezi ya kujimudu na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Ambaye hawezi kiasi hicho aanze kidogo. Kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Anza hivi:

1. Weka kiti kirefu, kiegemee ukuta. Inuka, kaa, inuka, kaa, mara 5. Ukiweza, usishike kitu. Wiki zikipita, fika mara 10. Kigoda kifupi ni kwa yule ambaye miguu yake imeshapata nguvu.

2. Simama karibu na ukuta au nguzo. Shika. Inua mguu mmoja kidogo, hesabu mpaka 10. Badilisha mguu. Hilo ni zoezi la kuzuia kuanguka.

3. Tembea. Anza na njia tambarare. Baadaye ongeza mwinuko mdogo. Chukua fimbo. Fimbo si aibu.

Kama bado unalima, usiache. Kushika jembe ni kazi ya mwili pia. Lakini ongeza lile zoezi la mguu mmoja, maana jembe halifundishi kusimama bila kuyumba.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kuanguka, aulize kwanza katika zahanati au kituo cha afya. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata, simama mara moja, umweleze mganga.

Usifanye peke yako. Zamani hapa Unyakyusa, watu wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja. Monica Wilson aliandika habari za vijiji hivyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Alieleza jinsi Wanyakyusa walivyothamini kukaa na wenzao, kula nao na kuzungumza nao. Vijiji vya rika vimekwisha, lakini wenzako wapo. Watatu wakikubaliana kutembea kila asubuhi, mmoja akichelewa wawili watagonga mlango wake.

Na kama una miaka 70 au zaidi, kazi hii si ngeni kwako. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Hawakuishia kwenye maneno. Walikuwa vijana wakati ule. Huenda wewe ulikuwa mmoja wao. Jembe la wakati ule lilikuwa la kuchimba choo. La leo ni miguu yako.

Nanyi watoto, msiwakalishe wazazi wenu. Mama akitaka kwenda kuchuma mboga, mpeni kikapu kidogo, mfuatane naye. Bodaboda iitwe kwa safari ya mbali au kwa mgonjwa. Kumheshimu mzazi ni pamoja na kumwachia miguu yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni siku gani mwakani ungependa kufika kwa miguu yako? Waeleze wenzako jinsi ilivyo, tangu asubuhi mpaka jioni.

2. Ni kitu gani kitakuzuia wiki hii? Utafanyaje kikitokea?

3. Nani watatu mtakaotembea pamoja, na mtaanzia wapi?

Ukishamaliza kusoma, usikunje gazeti ukiwa umekaa. Inuka kwanza.