Baiskeli ya kulalia: sirudi tena kwenye ile ya kuinamia

Haya, nimerudi. Najua niliahidi kumaliza ile habari ya hifadhidata, lakini wiki 3 hizi nimeulizwa swali moja na watu wengi mno, kuanzia Kisauni hadi Likoni, hata nimeona afadhali nijibu mara moja: "Hicho unachoendesha ni kitu gani?"

Ni baiskeli. Unakaa kwenye kiti chenye mgongo wa kuegemea, miguu iko mbele yako badala ya kuwa chini yako, na usukani uko usawa wa kifua. Nikipita mtaani watoto wanapiga kelele, "Kitanda! Kitanda!" Jina nimelikubali.

Niseme msimamo wangu mapema, ili asiye na muda aende zake: kwa safari ndefu hapa Pwani, baiskeli ya kulalia ni chombo bora kuliko ile tuliyoizoea. Na kama hujawahi kuiona, si kwa sababu ilijaribiwa ikashindwa. Ilijaribiwa ikashinda, halafu ikafungiwa mlango. Nitafika huko.

Kidole kidogo

Kazi yangu ni kuandika programu, na kwa miaka 4 burudani yangu ya Jumamosi imekuwa baiskeli. Natoka Kisauni alfajiri, Bamburi, Mtwapa, Vipingo, mpaka Kilifi, kisha narudi. Siku nikijisikia vizuri naendelea mpaka Malindi, karibu kilomita 115, halafu narudi na matatu, baiskeli ikiwa juu ya keria.

Mwaka jana vidole 2 vya mkono wa kulia, kile kidogo na cha pete, vikaanza kufa ganzi kila nikifika Vipingo. Mwanzoni ganzi iliisha nikishuka. Baadaye ikawa inalala nami mpaka Jumatatu. Daktari akanieleza kwamba kuna neva inayopita kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, na ukiegemeza uzito wa mwili kwenye usukani kwa saa nyingi unaibana. Waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaujua sana ugonjwa huu.

Sasa wewe unayesoma, hebu tazama kibodi yako. Kidole kidogo cha kulia ndicho kinachobonyeza Enter, Shift, nukta-mkato, alama za nukuu, mabano ya mraba na kitufe cha kufutia. Kwa mwandishi wa barua ni kidole kidogo. Kwa mwandishi wa programu ni nusu ya lugha.

Jumatatu moja nilifuta mstari usiopaswa kufutwa kwenye faili ya mipangilio. Kidole kilikuwa bado kimelala juu ya kitufe cha kufutia nami sikukihisi. Wateja wetu wakakaa saa 2 bila mfumo. Bosi hakunifokea. Alinitazama tu akauliza, "Mkono wako una nini?" Swali lile liliniogopesha kuliko kufokewa, maana mkono huu ndio unaolipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu.

Nikajaribu glavu zenye sponji. Nikauinua usukani. Nikabadilisha kiti. Ganzi ikapungua, haikuisha. Kila mtu akanishauri niache baiskeli. Mimi nikajiuliza swali la fundi wa programu: je, kosa liko kwa mtumiaji, au liko kwenye muundo?

Kikao cha 1934

Mwaka 1933 huko Paris kulikuwa na mtengenezaji aitwaye Charles Mochet. Alikuwa ameunda baiskeli ambayo mwendeshaji hukaa chali. Akampa Francis Faure, mwendesha baiskeli ambaye hakuwa miongoni mwa nyota wa wakati ule. Tarehe 7 Julai Faure aliingia uwanjani kujaribu rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu kabisa ambao mtu anaweza kwenda kwa saa moja. Rekodi ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, aliyoiweka mwaka 1914. Faure akaenda kilomita 45.055.

Mtu wa kawaida, kwa chombo kipya, akavunja rekodi iliyodumu karibu miaka 20. Ungedhani dunia nzima ingekimbilia chombo hicho. Haikuwa hivyo. Mwaka 1934 UCI, chombo kinachosimamia mashindano ya baiskeli duniani, kikapitisha kanuni za vipimo vinavyoeleza baiskeli ya mashindano ni ipi. Ya Mochet ikabaki nje. Mochet mwenyewe alifariki mwaka huohuo.

Ninyi wenzangu wa programu hali hii mnaijua. Kamati inaandika fasili ya kitu kwa kutazama kile kilichopo tayari, halafu kila kipya kinahesabiwa kuwa kosa kwa sababu hakifanani na cha zamani. Siilaumu sana kamati, maana mashindano yanahitaji kanuni, la sivyo tungeshindanisha mafundi badala ya miguu. Shida ni kwamba viwanda hutengeneza kile mabingwa wanachoendesha, nasi tunanunua kile viwanda vinachotengeneza. Mimi sishindani na mtu. Naenda Malindi kula samaki. Kwa nini kanuni ya mashindano iamue mkono wangu ukae vipi?

Na chombo chenyewe hakikufa. Mwaka 2016 huko Nevada, Marekani, Todd Reichert alifikisha kilomita 144.17 kwa saa katika baiskeli ya kulalia iliyofunikwa ganda lote. Injini ilikuwa miguu yake 2 tu.

Upepo wetu

Anayekuzuia kwenye baiskeli ni nani? Ukiwa barabara tambarare na umeshashika kasi, adui wako mkubwa ni hewa. Nguvu unayohitaji kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukiongeza kasi mara 2, unahitaji nguvu mara 8. Hata kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 25, ambayo unaiona kama nyongeza ndogo, nguvu ya kuushinda upepo inakaribia kuwa maradufu.

Ukiwa wima, kifua chako ni tanga. Wenye mashindano wanalikunja tanga hilo kwa kuinama, ndiyo maana mikono na shingo zao zinalipa. Ukilala, umelikunja bila kulipa.

Sasa fikiria Pwani. Barabara ya kwenda Malindi haina milima ya kutisha, lakini ina upepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi kaskazi inavuma, nawe unaelekea kaskazini mashariki: unaipokea usoni kutwa nzima. Manahodha walioingia bandari hii karne na karne walipanga mwaka mzima kwa kufuata kaskazi na kusi. Sisi wa baiskeli tunatoka tu na chupa ya maji, kisha tunashangaa mbona magoti yanauma.

Nimeandika programu ndogo ya Python inayosoma rekodi za safari kutoka kwenye simu. Safari 5 za Malindi wakati wa kaskazi kwa baiskeli ya zamani: wastani wa kilomita 17.2 kwa saa. Safari 5 kwa Kitanda, msimu uleule: 19.6. Najua safari 10 za mtu mmoja si utafiti. Lakini safari 5 za pili nilifika nikiwa na vidole 10, na hilo halihitaji takwimu.

Kitanda kilivyozaliwa

Kuagiza mpya kutoka Ulaya kungekula mishahara yangu ya miezi kadhaa. Nikachukua michoro ya bure mtandaoni nikampelekea fundi wa kuchomelea kule Magongo, Changamwe. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiki ni kiti au ni baiskeli?"

"Vyote viwili, fundi."

"Basi utalipa bei ya vyote viwili."

Alitumia fremu 2 za Black Mamba kuukuu. Gurudumu la mbele ni dogo, la inchi 20, la baiskeli ya mtoto. La nyuma ni inchi 26. Mnyororo ni mirefu 2 iliyoungwa, na bado tuliongeza kipande. Mgongo wa kiti tuliusuka kwa kamba kama kitanda cha nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu upepo unapita na mgongo haulowi jasho. Gharama yote ilikuwa shilingi 23,400. Siku 3 za kwanza nilianguka mara 6. Ya 7 sijaanguka bado, inshallah.

Mzee wa Likoni

Mama alipoiona mara ya kwanza hakucheka. Alinivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Umeumia mgongo ukanificha?"

Swali lile likanikaa. Kwa nini mtu akionekana ameketi kwenye magurudumu tunadhani ni mgonjwa?

Jibu nililipata Likoni, nilipokwenda kumwona dada. Karibu na feri kuna mzee anayeuza peremende na kadi za simu. Miguu yake haifanyi kazi. Anaendesha baiskeli ya magurudumu 3, ameketi ameegemea, na mikono ndiyo inayozungusha pedeli. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakitazama Kitanda kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Kisha akacheka mpaka wateja wakageuka. "Mwanangu, mimi miaka mingi nimeketi hivi. Ni ninyi wenye miguu mliokuwa mkiinama."

Nikaona aibu kidogo. Nilikuwa nimesoma habari za Paris na Nevada usiku kucha, kumbe muundo huu umekuwa ukipita mbele yangu kivukoni tangu utotoni. Sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeuweka kwenye kabati la "vifaa vya walemavu". Tena mzee alinifundisha jambo ambalo michoro haikuwa nalo: funga kitambaa chekundu kwenye fimbo ndefu nyuma ya kiti. Dereva wa lori haangalii chini, anaangalia kilichopo usawa wa macho yake.

Ubaya wake

Siuzi baiskeli, kwa hiyo nitasema kweli.

1. Mlima. Huwezi kusimama juu ya pedeli. Kupanda kutoka Miritini kwenda Mazeras ni adhabu. Kama unaishi Taita au Murang'a, usinisikilize kabisa.

2. Malori. Changamwe ni njia ya makontena. Kiti changu si cha chini sana, macho yangu yako karibu usawa wa dereva wa gari dogo, lakini kwa lori sipo. Nina bendera, kioo cha pembeni na taa zinazowaka hata mchana. Hata hivyo saa za msongamano sipiti huko. Lakini hapo kosa si la baiskeli peke yake. Anayeendesha Black Mamba naye hana njia yake, anagombania ukingo wa lami na matatu. Mpaka tupate njia za baiskeli, sote tunabahatisha, tuliolala na waliokaa wima.

3. Feri. Kitanda kina urefu wa zaidi ya mita 2. Kukiingiza katikati ya umati wa saa 12 jioni ni kutafuta matusi. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024 nimewahi kuzunguka kupitia Miritini mara 2 alfajiri. Ni mbali, lakini juu ya daraja la Mteza, lenye zaidi ya kilomita moja, kusi ilinipiga ubavuni nami nikapita.

4. Vipuri. Kila fundi wa pancha atakuita rafiki zake waje kuona kwanza. Jipe muda.

Kwa hiyo baiskeli ya zamani sijaiuza. Ya kwenda sokoni Kongowea ni ile. Ya kwenda Malindi ni hii. Hakuna chombo kimoja cha kila kazi, kama vile hakuna lugha moja ya programu ya kila kazi, ingawa najua kuna watakaonibishia hata hilo.

Sikusihi ukachomelee Kitanda chako kesho. Ninalosema ni hili: kama mwili wako unalalamika kila siku kwa sababu ya kifaa, usikubali haraka kwamba mwili ndio wenye kasoro. Uliza nani aliamua kifaa kiwe hivyo, lini, na kwa kazi gani. Mara nyingi utakuta aliyeamua hakukufikiria wewe, wala barabara yako, wala upepo wako.

Kidole changu kidogo kimepona. Hii nukta-mkato nimeiandika nacho; na hii pia;

Hifadhidata tutaimaliza wiki ijayo. Jumamosi hii kaskazi imeanza, naenda Malindi.