Leo kwako kunapigwa nini?

Nimekuwa nikikimbizana na habari za bajeti na sikupata hata saa moja ya kukaa chini niandike kitu changu mwenyewe. Leo nimewahi kurudi. Umeme upo, chai ipo, na spika yangu ndogo (ile niliyoinunua Kariakoo baada ya kuvutana bei nusu saa nzima) inapiga besi ya Paul Chambers. Basi acha niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu.

Hivi mara ya mwisho ulimwambia nani unasikiliza nini? Sizungumzii kuweka sekunde thelathini za wimbo kwenye stetasi ili mpenzi wako wa zamani aone. Nazungumzia kumpa mtu wimbo mzima na kumwambia, huyu anayepiga hapa anaitwa fulani, msikilize pale anapoingia. Kisha unasubiri akujibu.

Mimi nafanya hivyo kila siku. Ikifika saa tatu usiku namtumia mzee wangu aliyeko Tabora na dada yangu aliyeko Mwanza wimbo mmoja. Chini yake naandika waliopiga, mwaka, na mahali ulikorekodiwa kama napajua. Dada naye anatuma wake. Mzee hatumi wimbo, yeye anajibu kwa sauti, dakika mbili tatu, na nyuma yake unasikia kuku. Marafiki zangu wananicheka, wanasema namaliza bando kwa mambo ya wazee. Sawa. Lakini ngoja niwaeleze yalikoanzia.

Mzee alikuwa na sanduku la kaseti. Nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka redioni miaka ya themanini, kwenye ile redio kaseti kubwa ya betri sita. Kila kaseti aliiandika kwa kalamu ya wino: bendi, wimbo, mwimbaji, mpiga solo. Kama hakujua mpiga solo aliacha nafasi, akisubiri siku atakayepita mtu anayejua. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka tisa, na Bongo Fleva ilikuwa imenikaa kichwani kuliko jedwali la kuzidisha. Nikachukua kaseti moja ya Tabora Jazz, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi, nikarekodi juu yake nyimbo za redio ya FM. Pande zote mbili! Na sauti ya mtangazaji ndani.

Mzee alipogundua hakunichapa. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya, weka hiyo uliyorekodi tuisikie." Tukasikiliza upande wa kwanza wote. Akaniuliza nani anaimba, nani katengeneza mdundo. Mwimbaji nilimjua. Aliyetengeneza mdundo sikumjua.

Kwa nini kaseti moja initese mpaka leo? Kwa sababu ya jinsi muziki wetu ulivyohifadhiwa. Bendi zetu nyingi zilikuwa zikirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zinabaki kwenye mikanda ya kituo na kupigwa hewani. Aliyetaka santuri ilimbidi aitafute Nairobi, huko ndiko zilikokuwa zikichapwa. Kwa hiyo kuna nyimbo ambazo msikilizaji wa kawaida hakuwahi kuziona dukani hata siku moja. Zilipita redioni, na kama hukuwa umebonyeza kitufe, basi tena. Mimi nilifuta nyimbo ambazo sijui kama nitakuja kuzisikia.

Nilipomhadithia mwenzangu pale chumba cha habari, yeye akashika jambo jingine kabisa. Akasema, "Kwanza hiyo Tabora Jazz si jazz." Ndugu zangu, hili nalo limenichosha. Ni kweli, ukichukua Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na ukivuka ziwa ukamchukua Franco na O.K. Jazz yake iliyoanza 1956, wengi walikuwa wakipiga rumba na mitindo mingine iliyotokana na santuri za Cuba. Neno jazz walilichukua kwa sababu lilikuwa neno la mjini, la vyombo vya kisasa, la watu waliovaa wakapendeza. Sasa kosa liko wapi? Huyo mwenzangu jazz yake ni ile ya kwenye lobi ya hoteli, saksafoni inayopigwa kwa sauti ya chini ili watu waendelee kula. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, nampa nusu saa na gitaa lake, kisha aniambie kama huyo si mtu anayetunga papo hapo huku vidole vikitembea.

Nirudi kwenye mada. Siku hizi muziki hatukosi. Simu inakupa kila kitu, kuanzia taarabu mpaka Coltrane, na ukimaliza wimbo inakuchagulia mwingine bila kukuuliza. Lakini inakupa jina la wimbo, jina la nyota, na picha. Mpiga besi mara nyingi humwoni. Baba yangu kwa kalamu ya wino na nafasi aliyoiacha wazi alikuwa akijali zaidi kuliko simu ya laki sita. Hapo ndipo ninapogombana na usikilizaji wa hedifoni, kila mtu na lake, abiria sitini kwenye gari moja na hakuna anayejua jirani yake anasikia nini.

Mfano mmoja. Kuna albamu ya Herbie Hancock inaitwa Mwandishi, ilitoka 1971. Niliiona nikadhani macho yananidanganya. Kumbe wanamuziki wa bendi ile walijipa majina ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na kweli alikuwa daktari. Mimi mwandishi wa habari wa Sinza nimekaa kitandani nacheka peke yangu. Nikamtumia dada. Dada hapendi jazz, ni mtu wa hip hop, lakini alichimba mpaka akafika kwa James Mtume, kijana aliyewaingiza wenzake kwenye majina hayo. Huyo Mtume alikuja kupiga ngoma na Miles Davis, kisha mwaka 1983 akatoa Juicy Fruit na kundi lake, na mdundo huo ndio uliochukuliwa 1994 kwenye Juicy ya The Notorious B.I.G. Dada akaandika kwa herufi kubwa tupu: KUMBE TULIKUWA TUNASIKILIZA KITU KIMOJA. Hilo peke yangu nisingelipata, maana hip hop sijui.

Nyingine ni Uhuru Afrika ya Randy Weston. Walirekodi New York mwezi Novemba 1960, mwaka mmoja na zaidi kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake, na mipangilio ya vyombo ni ya mwanamama Melba Liston. Mle ndani kuna Kiswahili, na anayekisema ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mzee alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatuma sauti, "Rudia ile ya yule bwana wetu."

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Tangu mwaka jana masikio ya mzee yanapungua. Daktari amesema sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Tarumbeta, anasema mzee, inamjia kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa mto. Waimbaji wa kike anawasikia nusunusu. Kwa hiyo nimebadilisha ninachotuma. Natafuta nyimbo ambazo besi ndiyo inayozungumza. Wiki iliyopita nikamtumia So What, ile inayofungua Kind of Blue ya Miles Davis ya 1959. Pale besi ya Chambers ndiyo inayotoa wimbo wenyewe, na wapulizaji wanaitikia kwa sauti mbili fupi. Nimeisikiliza hiyo kitu mara mia tangu chuo kikuu, na nimesoma mengi kuhusu mizani yake.

Mzee aliisikiliza mara moja akajibu, "Huyo wa besi ndiye anayeongoza ngoma. Hao wengine ni waitikiaji. Mbona hukuniambia mapema kwamba Wamarekani nao wana kiitikio?" Halafu akauliza jina la mpiga besi nimtajie pole pole, aliandike.

Anaandika kwenye daftari, dada ameliona alipokwenda likizo. Tarehe, wimbo, majina, na pembeni alama ya vema kama amesikia wote, au mstari kama kuna chombo hakikumfikia. Dada anasema mistari inaongezeka. Nilimwomba asinipigie picha ukurasa wowote.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya familia yangu, yanawahusu nini? Labda hayawahusu. Lakini na wewe una mtu. Una shangazi aliyecheza Msondo ujana wake, una mwenzako wa chumba anayesikiliza kitu usichokijua na wewe umevaa hedifoni. Muulize. Na kama nyumbani kwenu bado kuna kaseti zenye mwandiko wa mtu, usimpe mtoto wa miaka tisa!

Saa tatu kasoro dakika tano. Leo nimemchagulia Charles Mingus, mpiga besi aliyekuwa kiongozi wa bendi yake mwenyewe. Dada ameshaniwahi, katuma kitu cha Kilwa Jazz na ameandika kwamba mpiga solo hamjui. Kuna anayemjua humu?