Tiara, mpira wa soksi na ringi

Ndugu mwandishi, orodha yako ya michezo ya watoto inawafaa wenye bustani za mjini. Huku Ruaha Mbuyuni bustani yetu ni kivuli cha mbuyu na uwanja wa vumbi, na vya kuchezea watoto wanajitengenezea.

Ongeza tiara. Chukua chelewa mbili, zifunge msalaba kwa uzi, bandika karatasi ya daftari kuukuu kwa gundi ya unga wa sembe uliokorogwa na maji ya moto, kisha weka mkia wa kitambaa. Mkia ukiwa mfupi, tiara inazunguka kama kichaa na kudondoka kichwa chini.

Mpira wa chandimu nao umebadilika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watoto wanashindilia matambara kwenye soksi na kukaza kwa kamba za magunia ya vitunguu. Haudundi sana, ila kwa rede naupenda kuliko wa dukani: ukikupata mgongoni hauumi.

Ringi tu jamani, msiwaache wakimbize karibu na lami. Malori yaliyotoka kushuka mlima Kitonga hayamsubiri mtoto. Wapelekeni mashambani, vitunguu vikishang'olewa.