Salamu Hutangulia Bei

Siku moja ya soko mwezi wa Januari, msimu ambao maembe hufurika Ukambani hata yakakosa pa kuwekwa, nilikuwa nimesimama kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Wote, pale Kola, ambako wakazi wengi wa Kalama huleta mazao yao. Kijana aliyevalia fulana ya kampuni fulani ya taa za sola alimwendea mama mwenye umri wa kumzaa mamaye. Akaichungulia simu yake, yenye orodha ya watu waliokwisha kununua taa ndogo, akalisoma jina la mama yule kama lilivyo katika kitambulisho, kisha akamwita kwa jina hilo, kavu kavu, huku akitabasamu: leo alikuwa amemletea taa kubwa kwa bei nafuu! Mama hakujibu. Aliyageukia maembe yake akaanza kuyapanga upya, ingawa yalikuwa yamekwisha kupangwa vizuri. Kijana akadhani hakusikika. Akalirudia jina lile kwa sauti ya juu zaidi.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa akitii alivyofundishwa. Mafunzo mengi ya uuzaji tunayopewa hapa nchini yametoholewa, tena bila kupepetwa, kutoka vitabu vya Marekani, na babu wa vitabu hivyo ni kile cha Dale Carnegie kilichotoka mwaka 1936. Humo msomaji huambiwa kwamba hakuna sauti iliyo tamu masikioni mwa mtu kuliko jina lake mwenyewe. Huenda ni kweli huko kilikoandikwa. Katika Ukambani, na kwa hakika katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, mwanamke aliyezaa huliweka jina lake la ujana kando kama awekavyo nguo ya thamani. Waliobaki na ruhusa ya kulitamka ni wachache, na muuza taa si miongoni mwao. Yeye ni Mama Fulani, na kwa asiyemjua mwanawe, ni Mwaitu, yaani mama yetu. Kijana aliamini amefungua mlango, kumbe ameruka ua.

Katika taaluma yangu ya isimu tunamtaja mara kwa mara Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, ambaye mwaka 1923 alieleza kwamba yako maneno ambayo watu huyasema si kwa ajili ya kupashana habari, bali kwa ajili ya kuunganishwa na kule kusemezana kwenyewe. Ukimwuliza mtu wa Kalama kama mvua imenyesha kwao, mara nyingi jibu unalo tayari: vumbi liko miguuni pake. Wanafunzi wangu hudhani hilo ni jambo la mzaha mpaka niwaombe wakanunue kunde sokoni bila kumsalimu mwuzaji. Hurudi na kunde, naam, lakini gorogoro lao halikujazwa kwa kichuguu, wala hawakupewa nyongeza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini nashuku kama walifika Kola msimu wa maembe. Yanapokuwa mazuri yote, na wauzaji wako bega kwa bega, kizuri hakijiuzi hata kidogo. Mnunuzi humwendea yule aliyemwuliza hali ya mgonjwa wake wiki iliyopita, na ambaye wiki hii anakumbuka kuuliza tena.

Wala jambo hili halikuanza na soko la Kola. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani, na Krapf, mmishonari Mjerumani wa Rabai, alipofika Kitui mwaka 1849 mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo. Hapakuwa na benki, wala mahakama ambayo watu wa makabila mbalimbali wangeshtakiana. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki wafanyabiashara wageni kwa wageni walichanjiana damu wakawa ndugu. Undugu huo ulikuwa ndio dhamana ya mali. Aliyemdhulumu ndugu yake wa kuchanjiana alijifungia njia ya kurudi.

Hapa msomaji mwenye shamba atanipinga, na ana haki. Atasema: huyo dalali anayetulalia kila mwaka, mbona salamu anazijua kuliko sisi? Ni kweli. Wako madalali wanaohudhuria mazishi, wanaotoa harambee, wanaowaita wazee kwa majina yao yote ya heshima, kisha wakanunua embe kwa bei ambayo haigharimii hata kulichuma. Lakini chunguza tofauti iliyopo kati ya dalali huyo na wale ndugu wa kuchanjiana. Lori lake likijaa, simu yake huzimwa hadi msimu ujao, na wa kumdai hana pa kumpata. Amechukua maneno ya ujamaa akaliacha deni lake. Salamu ya namna hiyo ni chambo, na samaki hawezi kulaumiwa kwa kuwa na njaa.

Lugha yenyewe imekwisha kulitambua hilo. Neno mteja, katika matumizi yake ya zamani, lilimhusu hasa mtu anayetibiwa na mganga: mtu ambaye mganga alimjua kwao, akaijua na homa yake. Baadaye likawa ni mnunuzi yeyote. Kisha zikaja simu za mkononi, na ile sauti ya kike ikitwambia kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani. Vijana wa Kenya wakalipokea neno wakaligeuza: mtu akizima simu, au akiwakwepa watu, husemwa kwamba yuko mteja. Sijui kama wenye kampuni wamewahi kuketi wakatafakari kwamba jina walilowapa wanunuzi wao limekuja kumaanisha mtu asiyepatikana.

Kampuni iliyomtuma yule kijana ingeweza kuongeza nafasi moja tu katika orodha yake: huyu huitwaje na jirani zake? Gharama yake ni ndogo. Nilimweleza kijana hayo tulipokuwa tukinywa chai, naye alinisikiliza kwa adabu, maana kumbe adabu alikuwa nayo tele. Kwao ni Masii, na mamaye mwenyewe hakuna amwitaye kwa jina la kitambulisho. Nikamshauri arudi kwa mama yule, amwamkie upya, amwite Mwaitu, amwulize kama ile taa ndogo bado inawaka, na taa kubwa asiitaje kabisa siku hiyo.

Akaitazama saa. Alitakiwa awe amekwisha zungumza na watu 30 kufikia saa kumi, na mama yule, alisema, alikuwa amekwisha kumwekea alama.